Jinsi Nilivyorudisha Mabega Yaliyopindwa na Cherehani

Baada ya miaka 11 ya kushona hapa Moshi mjini, mabega yangu yalikuwa yameinama mbele kiasi kwamba gauni nililojishonea lilibana mgongoni na kulegea kifuani. Nilijilazimisha kukaa wima, lakini nikizama katika mshono nilijikunja tena, kwa sababu misuli ya kifua ilikuwa imekaza na ile ya katikati ya mgongo imedhoofika.

Kilichonisaidia ni yoga. Kila alfajiri nashika kanga kwa mikono iliyoachana kuliko upana wa mabega, naiinua juu ya kichwa huku nikivuta pumzi, kisha nairudisha nyuma taratibu, nikikoma kabla ya maumivu. Halafu nafanya mkao wa swila: nalala kifudifudi na kuinua kifua kwa nguvu za mgongo, mabega yakiwa mbali na masikio. Wiki za mwanzo nilijisukuma kwa mikono na kukunja shingo, nikaumia. Kosa hilo naliona kwa wengi, nao hudhani yoga ndiyo mbaya.

Meza ya cherehani nayo niliiinua kwa vipande vya mbao. Mwezi wa nne tangu nianze mazoezi, gauni lilinikaa sawasawa.