Siku Kirikuu Chetu Kilipokaguliwa

Mwaka 2021 mimi na mdogo wangu wa kiume tulinunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilichochoka. Yeye alitoa akiba ya kazi zake za kuchomelea, mimi nikatoa zamu yangu ya mchezo wa kuchangishana fedha. Tulitaka kiwe jiko la kutembea hapa Tanga. Mama angepika nyumbani Ngamiani vile vinavyotaka muda, yaani muhogo wa nazi na supu ya pweza, na sisi tungepasha na kukaanga garini: kachori, bajia, samaki.

Mama amepika tangu sijazaliwa. Harusi za watu, hitima za watu, masinia ya wali yasiyo na idadi yamepita mikononi mwake, na jioni alikuwa akitoa meza yake nje akauza. Kazi yote hiyo haikuwa na karatasi hata moja. Ikipita operesheni ya kuondoa wanaouza pembeni mwa barabara, alinyanyua sufuria ikiwa ya moto akaingia nayo uchochoroni. Ana kovu la mchuzi kwenye mkono wa kulia mpaka leo. Kwa ajili ya kovu lile nilimwambia mdogo wangu kwamba gari halitauza hata kachori moja kabla halijapata leseni.

Yeye aliona nachelewesha. Majirani nao walinishangaa: si uchukue kitambulisho cha mjasiriamali, shilingi 20,000, umemaliza? Vitambulisho vile vilianza kugawiwa mwishoni mwa 2018 na viliwasitiri wengi, siwezi kuvibeza. Lakini viliwekewa mpaka: vilikuwa vya mtu ambaye mauzo yake kwa mwaka hayakuzidi shilingi milioni 4. Nikagawanya kwa siku 365, ikatoka elfu kumi na moja kasoro kidogo kwa siku. Sufuria moja ya supu ya mama inavuka hapo kabla ya magharibi. Kujibanza chini ya mpaka ule kungekuwa kusema kwamba kazi yake ni ndogo, na haikuwa ndogo.

Basi nikaanza. TIN, yaani namba ya mlipakodi ya TRA, mamlaka ya mapato, haikunisumbua, makadirio ya kodi yakafuata, jina la biashara likasajiliwa kwa mtandao BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kwa upande wa chakula watu wengi walikuwa bado wananitajia TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, wakati tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yamehamia TBS, shirika la viwango, na TFDA yenyewe imekuwa TMDA, ya dawa na vifaa tiba. Ila kwa leseni ya halmashauri, mtu tuliyemsubiri kuliko wote alikuwa afisa afya. Asiporidhika yeye, faili halisogei.

Alikuja asubuhi, mama wa makamo, viatu vya chini, daftari kwapani. Gari lilikuwa limeegeshwa uani chini ya mwembe. Mdogo wangu alikuwa ameamka tangu alfajiri analifuta, na alikuwa na kila sababu ya kujivunia. Alikata dirisha la kuuzia ubavuni, mlango wake ukinyanyuliwa unakuwa kivuli cha mteja. Ndani alipiga bati la alumini kuanzia sakafuni hadi darini. Fundi mwenzake alimshauri plaiwudi kwa sababu ni rahisi, akakataa: mbao hunywa maji na mafuta, na kilichoingia humo hakitoki kwa sabuni.

Bibi afya alipanda bila kusema neno. Akapitisha kidole kwenye maungio ya bati, nyuma ya jiko, chini ya kaunta, mahali ambapo mimi mwenyewe nisingefikiria kugusa. Akafungua bomba la sinki la kuoshea vyombo, akafunga. Akauliza la mikono liko wapi. Mdogo wangu akamwonyesha kisinki kidogo karibu na mlango, na sabuni yake.

"Haya. Maji machafu yanakwenda wapi?"

Swali hilo mdogo wangu alikuwa akilingoja. Alilala chali chini ya gari akagonga tangi la pili, mlio ukasikika. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba kanuni za chakula za Marekani zinataka tangi la maji machafu kwenye gari la chakula lizidi la maji safi kwa asilimia 15, ili machafu yasije yakafurika. Hakuna aliyemwamuru kufanya hivyo Tanga. Alifanya kwa sababu aliona ina akili: la juu lita 40, la chini 60. Bibi afya aliinama akachungulia, akaandika, na nikaona mkono wake unaandika kwa muda mrefu kidogo. Kisha akatutaka tumweleze tunalimwaga wapi, naye mdogo wangu akajibu kwamba linamwagwa nyumbani kwenye shimo la maji taka, halifunguliwi njiani.

Nilidhani amemaliza. Akasema, "Sasa nipelekeni jikoni."

Kumbe kwake yeye gari lilikuwa nusu tu ya biashara. Chakula kilichoanza kupikwa ndani ya nyumba kinakaguliwa kuanzia humo. Aliangalia tunakohifadhi unga na tunapoweka pweza. Akatoa kipimajoto chake, akakichovya kwenye supu iliyokuwa jikoni, akatuonyesha namba. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, alisema, vijidudu vinastawi. Kwa hiyo cha moto kibaki juu ya 60 mpaka kinapofika kwa mlaji, na pweza mbichi akae chini ya 5. "Uvuguvugu ndio adui yenu," akasema. Siku ile ile mdogo wangu alikwenda mjini akanunua kipimajoto, na mpaka sasa kinaning'inia juu ya jiko la gari.

Kisha akamgeukia mama. Walikuwa wameshasalimiana mlangoni, shikamoo na marahaba, vizuri kabisa.

"Mama, na kadi yako ya kupima afya?"

Mama alinyamaza. Mimi na mdogo wangu tulishapima, choo na damu na yote, ila mama nilikuwa nimemweleza mara nyingi akanipa jibu lile lile, ambalo sasa alimpa mgeni: "Mwanangu, mji huu nimeulisha miaka yote. Umesikia nani kaugua kwa chakula changu?"

Nikaogopa. Nilijua hasira ya mama, na nilijua pia kuwa haikuwa hasira. Alikuwa anaambiwa alete choo chake kwenye kikopo ili ithibitike kuwa yeye ni msafi, yeye ambaye hakuna kungwi wala mwenye shughuli aliyewahi kuutilia shaka usafi wake. Afisa mwingine angesema sheria ni sheria, akaandika, akaondoka. Huyu alivuta mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa pembeni, akaketi, akawa chini kuliko mama.

Akamwambia homa ya matumbo ina tabia moja mbaya. Mtu anaugua, anapona, anarudi kazini mzima wa afya, kumbe vijidudu vimebaki kwenye kifuko cha nyongo na vinatoka kidogo kidogo kwa choo, wala yeye hajisikii chochote. Anaweza kukaa navyo hivyo kwa miaka. "Sikupimi kwa kuwa wewe ni mchafu, mama. Ninampima mtu msafi, kwa kuwa huyu mdudu hata msafi anaweza kuwa naye, na macho hayamwoni. Ndiyo maana ni kila baada ya miezi sita, na ni kila anayeshika chakula, awe mpishi wa hoteli kubwa au wa hapa."

Mama akauliza, "Hata wa hoteli kubwa?"

"Hata wao."

Akaingia chumbani, akatoka na baibui. Tulikwenda naye kituo cha afya asubuhi hiyo hiyo.

Zimamoto hawakuchukua muda. Mtungi wa gesi tulikuwa tumeufungia nje, kwenye kichanja cha chuma nyuma ya gari, na kizima moto cha unga karibu na mlango. Askari alitaka kitu kimoja zaidi: matundu ya hewa chini kabisa, usawa wa sakafu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka na kutanda chini kama maji, na dirisha la juu haliisaidii kutoka. Mdogo wangu akatoboa pale pale.

Iliyobaki ilikuwa fomu ya leseni, na humo palikuwa na mstari wa mahali biashara inapofanyika: mtaa, kitalu, kiwanja. Leseni zetu zinatolewa chini ya sheria ya mwaka 1972 na zinaambatana na mahali. Ukiwa na maduka mawili unakata mbili. Gari lina namba za usajili, kiwanja halina. Afisa biashara alisoma ripoti ya bibi afya mpaka mwisho, akasema mahali pa biashara yenu ni pale chakula kinapoandaliwa na gari linapolala. Mwenyekiti wa mtaa akaandika barua, na nyumba ya mama ikaandikwa kwenye leseni. Afisa biashara akatuonya pia kwamba karatasi ile haitupi ruhusa ya kuegesha kwenye hifadhi ya barabara, kwa hiyo kila kituo tukitafutie mwenye eneo na makubaliano ya maandishi. Tulipata ua wa gereji moja Chumbageni kwa mchana, na jioni uwanja wa mtu upande wa Raskazone, wanakopita watu wanaotoka kupunga upepo baharini.

Nilipolipa na kupewa leseni, nilimpelekea mama kabla ya kuitundika garini. Hasomi vizuri bila miwani. Aliiweka mbali na macho, akatafuta jina la mtaa wake, akalipata, akaniuliza kama sasa wakija wale wa operesheni anyanyue sufuria au asinyanyue. Nikamwambia asinyanyue.

Miezi sita ilipotimia mimi nilikuwa nimezama kwenye mahesabu ya gari. Mama ndiye aliyetuamsha mapema, baibui tayari mwilini, kadi yake ya afya mkononi. Akasema hakuna atakayegusa muhogo wake mpaka wote tumepima upya, na akamtaja kwa jina kijana tuliyekuwa tumemwajiri wiki ile kuosha vyombo, kwamba huyo ndiye atangulie.