Nani aliwaambia sisi hatujui kujiandaa?

Mbukwenyi ndugu zangu. Nilipanga kuandika habari za Majilio, zile Jumapili nne za kungoja Krismasi, kwa utulivu, na chai ya tangawizi mkononi, lakini bili imenitibua kwanza. Mtanivumilia.

Nyie mlioko nyumbani mnailalamikia LUKU. Jamani, LUKU ni muungwana. Unalipa, unaingiza tokeni, unatumia, zikiisha giza linaingia na kila mtu ndani ya nyumba anajua zimeisha. Hapa Hamburg joto la nyumba unalipa kwa makadirio kila mwezi pamoja na kodi, halafu mwaka wa hesabu ukiisha mwenye nyumba ana miezi 12 ya kukuletea hesabu kamili. Miezi kumi na mbili! Mwaka wa hesabu wa nyumba nyingi unaisha 31 Desemba, kwa hiyo akichelewa kupita 31 Desemba ya mwaka unaofuata hawezi tena kukudai nyongeza. Na wao hawachelewi. Bahasha zinamiminika Novemba na Desemba, watu wakiwa wanawasha mishumaa. Yangu imefika Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio: Euro 640 na senti zake, za baridi ya mwaka jana ambayo nilishaisahau. Zidisheni wenyewe kwa shilingi. Kwetu Kongwa hiyo ni mbuzi wangapi, na wenye afya, mnajua.

Nikapiga simu kwenye ofisi inayosimamia jengo letu. Sikupiga kugombana, niliomba kulipa kidogokidogo. Dada aliyepokea akakubali bila shida, miezi minne. Halafu, kwa sauti ya upole kabisa kama anamfundisha mtoto, akaongeza kwamba Ujerumani watu hujiandaa mapema. Anajua huko kwetu Afrika tunaishi siku kwa siku, ila hapa inabidi mtu afikirie ya kesho.

Angenitukana ningemsamehe siku ileile. Ule upole ndio umenikaa kooni mpaka leo.

Mimi ni mtoto wa Ugogo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, milimita 500 na kitu, 600 mwaka ukiwa mzuri, na inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba ikijisikia. Sasa mwambieni huyo dada Oktoba mama yangu anafanya nini. Oktoba ardhi ya Kongwa ni ngumu, jembe linaruka linarudi linakupiga mkono. Jua la saa nne linachoma, upepo unabeba vumbi jekundu mpaka kwenye sufuria ya mlenda. Wingu halipo hata la kusingizia. Na mama yuko shambani anachimba mashimo ya Chololo. Kwa msiyoyajua: yana jina la kijiji cha Chololo, hapohapo Dodoma, ambako mkulima mmoja aliyabuni. Shimo lina upana wa sentimita 20 na ushee, na kina cha kama 30. Udongo unaotoka unaulaza upande wa chini wa mteremko, uwe kizuizi, ili maji yakija yasikimbie. Ndani unatia samadi. Unasogea hatua moja, unachimba lingine, mstari mzima, mistari shamba zima. Mwanamke wa umri wake, mgongo umeinama, anamwandalia makao mgeni ambaye hajatuma hata salamu.

Jioni anakagua mbegu. Mtama wa Macia yuko nao kwenye debe, umechanganywa na majivu wadudu wasiingie, debe liko juu ya dari. Chakula kinaweza kupungua mpaka watoto wakaenda kuomba unga kwa jirani, lile debe haliguswi. Bibi yetu aliwasikia wakubwa wake wakisimulia Mtunya, ile njaa ya wakati wa Vita ya Kwanza, majeshi yalipochukua ng'ombe, nafaka na vijana, kisha mvua nayo ikakataa. Waliokula mbegu mwaka ule, alituambia, hawakuwa na la kupanda mvua iliporudi. Kwa hiyo mtu asiniambie habari za kufikiria ya kesho. Mimi nimelala njaa chini ya debe la mtama.

Nikaenda nalo hilo moyoni mpaka Jumapili ya pili. Nyumbani sisi ni Waanglikana, ila hapa nasali na Walutheri wa mtaani kwangu kwa sababu ni karibu na wananijua. (Kodi ya kanisa nitaiongelea siku nyingine, ni hadithi ndefu na nina presha.) Somo la waraka Jumapili hiyo kwa Walutheri wa huku huwa Yakobo sura ya 5: "Tazama, mkulima hungoja mazao ya nchi yaliyo ya thamani, huvumilia kwa ajili yake hata yatakapopata mvua ya kwanza na ya mwisho." Nikakaa sawa. Nikasema leo wamenigusa, leo ni zamu ya Wagogo.

Mchungaji akapanda mimbarini akahubiri vizuri tu, kuhusu kupunguza mwendo. Kuzima simu, kunywa chai, kutulia na familia, kusikiliza ukimya. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa namsubiri yule mkulima aingie, hakuingia. Mkulima wa mahubiri yale amekaa kwenye kiti anatazama dirishani. Nilitamani kunyoosha mkono niulize: mchungaji, unamjua mtu anayengoja mvua? Umewahi kuona viganja vyake? Kungoja kwa mkulima ndiyo kazi kubwa kuliko zote za mwaka. Kuvuna ni furaha, hata mvivu anavuna. Kufyeka, kuchimba, kusomba samadi, kulinda mbegu wakati mbingu ni bluu tupu, hapo ndipo imani ya mtu inaonekana. Yohana Mbatizaji naye hakuwaambia watu watulie wanywe chai. Alisema itengenezeni njia ya Bwana, na barabara haitengenezwi na mtu aliyekaa.

Ila niwatendee haki hawa watu, maana nikiandika nikiwa na hasira mnaniita mchochezi.

Lile taji la majani lenye mishumaa minne, ambalo siku hizi hata Dodoma mjini linawekwa mbele ya madhabahu, lilizaliwa hapahapa Hamburg. Mwaka 1839 Johann Hinrich Wichern, mtu wa dini aliyekuwa anawalea watoto wa maskini kwenye makao ya Rauhes Haus, alisumbuliwa na watoto wakiuliza kila siku Krismasi lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni akapanga mishumaa juu yake, midogo kwa siku za kawaida na minne mikubwa kwa Jumapili. Kila siku wanawasha mmoja zaidi. Mtoto asiyejua kuhesabu siku akawa anaziona. Watoto waliotolewa kwenye umaskini mkubwa wa mji huu, mtu akawapa namna ya kungoja bila kukata tamaa. Mimi nikipita maeneo ya Horn, makao yale yapo mpaka leo, naona Wichern alikuwa amemwelewa Yakobo.

Na ukiishi huku baridi moja utaelewa mishumaa. Katikati ya Desemba jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, saa kumi jioni limeshazama, na huko katikati mara nyingi hulioni, mawingu tu. Kwetu Desemba ni mwanga mpaka unaumiza macho, mshumaa tunauwasha umeme ukikatika. Hapa "usiku umeendelea sana, mchana umekaribia" unalisoma ukiwa umesimama kituo cha basi, umevaa soksi mbili. Mwaka wangu wa kwanza nililia kwenye hicho kituo. Bibi mmoja wa ghorofa ya chini, ambaye kwa miezi alikuwa hajibu hata salamu yangu, aliniona, akaenda zake. Jioni nikakuta mlangoni taji dogo la matawi ya msonobari, mishumaa minne, na kiberiti. Kiberiti! Alifikiria mpaka kiberiti. Hajaniambia lolote mpaka leo na salamu bado anajibu akijisikia.

Kwa hiyo sisemi hawajui kungoja. Ninachosema ni kwamba wao wanangoja kitu chenye tarehe. Kalenda ya chokoleti ina vidirisha 24, unafungua kimoja kimoja, na tarehe 24 jioni Krismasi inafika, haijawahi kuchelewa. Mvua haina vidirisha. Mwaka mwingine inakuja ya kudanganya, wiki moja, mbegu zinachipua, watu wanashangilia, halafu jua linarudi linababua kila kitu na mama anarudi kwenye debe kupanda upya, kama debe bado lina kitu. Mwaka mwingine unachimba mashimo yote na unavuna gunia moja. Na Kanisa tangu zamani limefundisha kwamba Majilio yana kungoja kuwili: kuna kuzaliwa kwake Bethlehemu, ambako tunakukumbuka, na kuna kurudi kwake, ambako "siku ile na saa ile hakuna aijuaye". Kule kwa kwanza kunaingia vizuri kwenye kalenda ya chokoleti. Kule kwa pili ni kwa watu wa Kongwa.

Tena Kongwa! Huyo dada wa simu angejua historia angetafuta wilaya nyingine ya kuidharau. Mwaka 1947 Waingereza walikuja kwetu kulima karanga, wapate mafuta ya kula baada ya vita. Walijiandaa haswa: matrekta, reli, wataalamu, hesabu za ekari kwa mamilioni. Kila kitu kilikuwa kwenye karatasi isipokuwa mvua yetu na udongo wetu, ule unaokauka mpaka unavunja plau. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, pauni zaidi ya milioni 30 zimeyeyuka, na karanga zikabaki zile za akina mama na majembe yao. Wazee wanausimulia bila kucheka sana, maana wengine walifanya kazi pale na mshahara ulikuwa mzuri.

Sasa nyie mnaotaka kuja, maana najua mnasoma kwa sababu hiyo, sikilizeni. Mnakuja kusomea uuguzi, mnakuja chuo, mnatuma ujumbe "dada nitafutie njia". Njia ipo na ina maandalizi. Kijerumani kwanza, na usije na B1 (ngazi ya kati ya lugha) ya kukariri, wazee kwenye nyumba za kulelea wanaongea lahaja. Anayekuja kusoma chuo kwa hela yake anatakiwa kuonyesha akaunti yenye Euro 11,904 za mwaka mzima, na hela hiyo unaitoa kwa vipande kila mwezi, usidhani utafika ununue gari. Ukipangisha nyumba uliza kodi ni ya baridi au ya joto, yaani bila au pamoja na hayo makadirio, na kila mwezi weka pembeni hata Euro 30 kwa ajili ya bahasha ya Desemba. Bahasha ikija usilipe kwa woga: una haki ya kuona risiti zao na una miezi 12 ya kupinga. Mimi nimejiunga na chama cha wapangaji, ada ya mwaka ni ndogo kuliko kosa moja la hesabu. Yangu wameshaikagua, kuna sehemu ya ngazi tumetozwa mara mbili. Itashuka kidogo. Sitampigia dada yule kumwambia, nitaandika barua, maana hapa hata hasira inaheshimiwa ikiwa kwenye karatasi.

Na nyumbani nako tusijisifu kupita kiasi. Hiyo akili ya debe la mtama tunaiacha shambani. Desemba ikifika mjini, mtu aliyelelewa na mama mchimba mashimo anakopa anunue nguo za Krismasi za watoto watano, kreti za soda na mbuzi, halafu Januari ada inamkuta amekaa kwenye ngazi anatuma "shikamoo dada, habari za huko" saa kumi na moja alfajiri. Shikamoo ya alfajiri ya Januari mnaijua bei yake, walioko huku wote wanaijua.

Juzi nimeongea na kaka. Nikamuuliza mvua.

"Bado. Mawingu yanakusanyika upande wa Mpwapwa, yanapita."

"Mama?"

"Amemaliza mashimo. Anasema mwaka huu anapanda kwenye vumbi, hasubiri."

Nimesikia vicheko nyuma, ni watu wa kwaya wako uani wanafanya mazoezi. Wifi akachukua simu, akanisalimia kwa urefu usio wa kawaida, akaniuliza baridi, akaniuliza afya, akafika alikokuwa anakwenda: kwaya ya akina mama imechagua kitenge kipya cha sare ya Krismasi, na wao wa familia yetu ni wanne.

Wifi, najua unasoma humu. Hela ya mbegu nimetuma leo mchana, kwa namba ya mama, ya kuongezea debe endapo mvua ya kwanza itadanganya. Sare za mwaka jana zile za bluu zilikupendeza sana.