Waifai ya nyumbani: anza na kibandiko cha chini ya ruta

Igeuze ruta juu chini. Kile kibandiko kina jina la mtandao, neno la siri la kujiunga, anwani ya kuingilia (mara nyingi 192.168.1.1, au 192.168.8.1 kwa ruta nyingi za Huawei zinazotumia laini), na jina na neno la siri la mipangilio, aghlabu admin na admin. Maneno ya siri ni mawili, na wengi hubadilisha la waifai peke yake. La mipangilio likibaki admin, mgeni yeyote uliyemkaribisha waifai anaweza kuingia humo akakufungia nje ya mtandao wako mwenyewe.

Jiunge na waifai, zima data ya simu, kisha iandike anwani ile kwenye kivinjari. Badilisha la mipangilio kwanza, ndipo uje kwenye la waifai. Ukilihifadhi hilo la pili utakatika hapo hapo. Usibabaike: iambie simu iusahau mtandao, halafu ujiunge upya.

Kosa letu kubwa ni kuweka namba ya simu kuwa neno la siri la waifai. Namba ikianza na 0777, zinabaki tarakimu sita za kubahatisha, yaani namba milioni moja. Na mwizi hana haja ya kushinda barazani kwako akijaribu moja moja. Ananasa maongezi mafupi yanayopita hewani simu yako inapojiunga, anakwenda zake, na kompyuta inabahatisha huko huko bila ruta yako kujua lolote. Milioni moja haimalizi hata saa. WPA2, aina ya ulinzi iliyo kwenye ruta nyingi, inakubali herufi 8 hadi 63, basi tumia maneno manne yasiyojuana, kama kifuu, dirisha, bizari na ngalawa. Bibi atalikumbuka, na kompyuta itahangaika. (Hayo manne usiyachukue, yameshasomwa.)

Kwenye aina ya ulinzi chagua WPA3, iliyo mpya kuliko WPA2. Kama una printa au kamera kongwe inayokataa, chagua WPA2 yenye usimbaji wa AES, si ule wa TKIP, wa zamani na dhaifu. WEP, ulinzi wa kwanza kabisa wa waifai, ilivunjwa tangu 2001. Ruta isiyojua zaidi ya hiyo iuzie mkusanya vyuma.

Halafu zima WPS, kile kitufe cha kuunganisha bila kuandika neno la siri. Tatizo ni PIN yake ya tarakimu 8. Ruta huihakiki nusu nusu: nne za mwanzo peke yake, kisha tatu, na ya mwisho inatokana na hizo zilizotangulia. Kwa hiyo badala ya mamilioni, yanabaki majaribio 10,000 na 1,000, jumla 11,000. Udhaifu huo ulitangazwa 2011, na WPS ikiwa wazi, maneno yako manne hayakusaidii kitu.

Kuficha jina la mtandao ni kujisumbua bure, maana simu zako zenyewe hulitangaza zinapoutafuta. Kuchuja vifaa kwa anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kila kifaa, nako ni hivyo hivyo, inaigwa kwa dakika.

Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuta nene za mawe na chokaa huizima 5 GHz, mawimbi ya kasi yasiyofika mbali, chumba cha pili tu, lakini 2.4 GHz, yanayofika mbali zaidi, hutokea dirishani ikafika uchochoroni. Kwenye maghorofa ya Michenzani inawafikia wa juu na wa chini. Usiiweke ruta dirishani. Iweke katikati ya nyumba. Wageni wafungulie mtandao wa wageni wenye neno lake, ulibadilishe wakishaondoka bila kugusa simu za wenyeji.

Mwisho, sasisha programu ya ruta na uzime uingiaji wa mipangilio kutoka nje. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, ruta inaweza kufa moja kwa moja, kwa hiyo iunge kwanza kwenye betri ya akiba, na usome volti kwenye chaja yake: nyingi ni 12, nyingine 9 au 5. Ukisahau neno la mipangilio, bonyeza kitundu cha nyuma kwa pini sekunde kumi. Ila hapo admin na admin zinarudi, na WPS pengine nayo.