Kura yangu ya hakimu

Jamani leo nimepiga kura ya kwanza tangu nipate uraia huku Pennsylvania, na wala sikuendea mambo ya rais, nimemwendea hakimu wa mtaani kwetu. Huku hakimu wa wilaya wanamchagua wananchi wenyewe, anakaa miaka 6 halafu anarudi kuomba kura, na si lazima awe mwanasheria, akimaliza kozi yao na kufaulu mtihani anavaa joho. Mwanzo nilishtuka sana maana kwetu Tanzania hakimu anaajiriwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama na sheria lazima awe kaisomea.

Ila mwaka jana mwenye nyumba alitaka kunitoa, nikaenda kwenye ile korti ndogo nikitetemeka, hakimu akachukua risiti zangu za kodi akazipitia moja moja, kidole juu ya tarehe, akamgeukia mwenye nyumba akamuuliza "na hii je?" kimya. Nikabaki kwangu na wanangu. Kesi zake ndo hizo, kodi, faini za barabarani, madai yasiyozidi dola 12,000, lakini ndo zinazotugusa sisi! Leo nimesimama foleni kwenye baridi na sikuisikia kabisa.