Nilivyowamaliza vijana wangu kwa amri moja: "Kaba mtu wako!"

Mwaka jana timu yangu ya vijana wa chini ya miaka 15, hapa Kirumba, Mwanza, ilifungwa mabao matatu ya aina moja kwenye mechi moja. Krosi inapigwa, winga wao yuko peke yake nguzo ya mbali, mabeki wangu wanautazama mpira. Niliondoka nimefura. Jumatatu nikawaambia: wiki hii ni mtu kwa mtu. Hata akienda kunywa maji, mfuate.

Zoezi lenyewe sikuligusa. Wanne kwa wanne, eneo la hatua 30 kwa 20, magoli ya koni, dakika nne kisha mapumziko, awamu sita. Tulikuwa tunalicheza hilohilo kila wiki bila shida.

Jumatano, awamu ya tatu, kijana mmoja alichuchumaa pembeni akatapika. Si mvivu huyo. Alfajiri husaidia kubeba magunia ya dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni kabla ya kwenda shule. Nilimkalisha kivulini, nikamwekea vidole shingoni. Sekunde 15, mapigo 48. Mara nne, 192. Ukikadiria kwa 220 kutoa umri, mtoto wa miaka 14 kikomo chake ni kama 206. Na mimi nilikuwa nimebakiza awamu tatu! Nikamrudisha nyumbani, wenzake nikawaendeleza. Hilo bado linanisuta.

Jumamosi hatukufungwa kwa krosi. Tulifungwa kwa sababu kipindi cha pili miguu haikuwepo.

Mzee mmoja, shabiki damudamu wa klabu ya Pamba ya hapa Mwanza tangu enzi ikiitwa TP Lindanda, alinifuata baada ya mechi. "Mwalimu, Kombe la Dunia 1982 Gentile wa Italia alimganda Maradona mpaka akakosa pa kupumulia. Lakini nyuma yake alikuwepo Scirea, beki wa mwisho, wa kufagia waliopenya. Wewe umetengeneza akina Gentile kumi, nani anafagia?" Sikuwa na jibu.

Wiki iliyofuata nikapima. Awamu mbili mtu kwa mtu, mbili kukaba eneo, yaani kila mmoja analinda sehemu yake badala ya kumfuata mtu, na kila filimbi vijana wanajihesabu mapigo huku nikishika saa. Karibu wote walizidisha mapigo mawili au matatu kwa sekunde 15 kwenye mtu kwa mtu. Msaidizi wangu alihesabu pasi kwa kuhamisha kokoto mfukoni: kwenye eneo zilifika sita, saba, kwenye mtu kwa mtu ya tatu ilikuwa bahati.

Kilichonishangaza ni kwamba hata anayeshambulia alihema vilevile. Ukigandwa huwezi kusimama ukisubiri pasi. Unachomoka, unageuka, unachomoka tena, na beki yuko nyuma yako. Wote wawili wanalipa. Kwenye eneo beki anasogea hatua fupi na kumkabidhi mwenzake mtu anayepita, ila kichwa chake hakipumziki: mpira uko wapi, mwenzangu yuko wapi, nani anakuja mgongoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ya nguzo ya mbali yalikuwa matatizo ya macho. Nilitibu macho kwa kukimbiza miguu.

Siku hizi Jumanne ni mtu kwa mtu, awamu nne za dakika tatu, mapumziko dakika tatu kamili, na sikubali kuombwa nyongeza. Nailinda siku hiyo kwa sababu ndiyo inayowafundisha washambuliaji kumpoteza beki. Alhamisi ni eneo, mbio chache, kelele nyingi: "Wako huyo!" "Nimemchukua!" Mpira ukienda pembeni, beki wa mbali lazima ageuze shingo atafute mtu mgongoni, asipogeuza napuliza filimbi. Siku hiyo kugandana mtu kwa mtu tumekubakiza ndani ya boksi tu, krosi ikija.

Yule wa Mwaloni bado yuko nasi. Akifika ananiamkia, "Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Leo magunia mangapi?"

Akisema mawili, anacheza kama wenzake. Wiki iliyopita alisema matano. Nikamrushia fulana nyekundu, ya mchezaji huru: anacheza na timu yenye mpira, hakabi wala hakabwi.

"Kocha, mimi nataka kukaba."

"Alhamisi," nikamwambia.