Saa tatu asubuhi, bado usiku

Leo nimeamka saa moja asubuhi. Naiita asubuhi kwa mazoea tu, maana nje ni giza totoro.

Sisi tunahesabu saa kwa jua: saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Lakini huku, kwenye latitudo ya 60 kaskazini, mwishoni mwa Desemba jua huchomoza saa tatu na ushei, na ikifika saa tisa na ushei limeshazama. Mchana mzima haufiki urefu wa saa sita. Mwaka wangu wa kwanza nilimweleza Mama kwenye simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mnaamshwa na nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa baridi, na baridi, kusema kweli, ina dawa. Unavaa sufu karibu na ngozi, kwa sababu pamba ikilowa jasho hukaa na ubaridi wake mwilini. Unapanga nguo mbili tatu nyepesi ili hewa ikae katikati. Kiatu kiwe na nafasi ya vidole kucheza. Hayo nilishayajua baada ya wiki mbili.

Giza ndilo lililonishinda. Kufikia Januari nilikuwa nalala jioni mapema na kuamka nimechoka, natamani vitu vitamu tu, simu za watu sipokei. Nikajiona mvivu, na hilo liliniumiza kuliko uchovu wenyewe. Muuguzi mmoja ndiye aliyeniambia kwa upole kwamba huo ni ugonjwa, huzuni inayomrudia mtu kila majira ya baridi, na kwamba daktari Norman Rosenthal na wenzake waliueleza tangu mwaka 1984. Nililia pale pale kitini.

Sasa nina taa ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga) mezani. Nikishaamka naiwasha, nakaa mbele yake nusu saa bila kuikodolea macho. Mwanga wake unamwagika juu ya kikombe, naona mvuke wa chai ukipanda uzi kwa uzi. Taratibu mwili unakubali kwamba kumekucha. Adhuhuri natoka nje hata kukiwa na mawingu. Vitamini D nameza kidonge, kwani jua hili linalotambaa chini halitoshi kuifanya ngozi iitengeneze.

Na kuna karatasi niliyoibandika jikoni. Watu wengi husubiri Desemba 21, siku yenye mchana mfupi kuliko zote, ipite, lakini jua huanza kuchelewa kuzama siku chache kabla ya hapo. Ni macheo, yaani kuchomoza kwa jua asubuhi, yanayozidi kuchelewa hadi karibu na mwaka mpya. Kwa hiyo mimi naandika saa ya kuzama tu. Desemba 15: saa tisa na dakika 12. Leo, Januari 21: saa kumi na dakika 2.

Nimempigia Mama kumsomea.