Nilivyoikata kesi ya "ni meno tu"

Tangu mwanangu afikishe miezi sita, kila alipoumwa nilipewa jibu lile lile: ni meno. Homa, meno. Kuharisha, meno. Jibu hili linaniudhi kwa sababu ni la hatari. Mtoto mwenye homa ya nyuzi 38 na zaidi, au anayeharisha mpaka macho yanaingia ndani, anabaki nyumbani akingojewa jino litoke.

Kubishana hakukusaidia. Mama mkwe alikuwa na ushahidi wake: "Mwanangu, watoto wote niliolea waliharisha wakiota meno." Na alisema kweli. Meno ya utotoni ni 20, yanaanza kuchomoza karibu na miezi sita na kukamilika mtoto akielekea miaka mitatu. Kwa muda wote huo, ugonjwa gani utakosa jino la kusingizia? Tena ndiyo miezi ambayo kingamwili alizozipata kwa mama kabla ya kuzaliwa zinaisha, naye anatambaa na kutia mdomoni kila anachookota.

Basi nikachukua daftari, nikagawa ukurasa vyumba vinne: jino na homa, jino bila homa, homa bila jino, na siku isiyo na lolote. Kisha nikafanya jambo ninalojivunia mpaka leo: nikampa mama mkwe mwenyewe uamuzi wa jino. Kila jioni ananawa mikono, anapitisha kidole kwenye ufizi, anatamka hukumu. Mimi nasoma kipimajoto tu. Asingeweza kusema nimepika matokeo.

Chumba cha kwanza ndicho tulichokuwa tukikikumbuka sote. Vile vingine havikuwahi kuhesabiwa na mtu. Gego la kwanza lilitoka kwa mate mengi na kutafuna kola ya shati, joto halikupanda. Homa kali kuliko zote ilikuja ufizi ukiwa umetulia, na daktari akakuta maambukizi ya sikio. Mama mkwe akafungua daftari, akasema, "Hili sikio tungelipaka dawa ya meno."

Tangu hapo vyumba vinne nimevitumia kwingine. Jirani aliponiambia chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huleta usonji (autism), nilijua madai yale yalivuma kutokana na makala ya 1998 yenye watoto 12, iliyofutwa na jarida lenyewe mwaka 2010. Watoto 12 wa chumba kimoja! Dozi ya kwanza hutolewa karibu na umri ule ule ambao wazazi wengi huanza kuona dalili za usonji. Huko Denmaki walihesabu vyumba vyote, watoto zaidi ya 650,000, wakatoa matokeo mwaka 2019: waliochanjwa hawakuzidi wasiochanjwa kwa usonji.

Ila kuhesabu peke yake hakutoshi. Mwaka 1999 watafiti waliona kwamba watoto waliolala na taa kabla ya miaka miwili walikuwa na tatizo la kutoona mbali zaidi kuliko wenzao, yaani wengi wao walilipata. Hesabu ilikuwa sawa, na wazazi wakaanza kuogopa taa. Mwaka uliofuata watafiti wengine hawakuona uhusiano huo, ila wakagundua kuwa wazazi wasioona mbali ndio waachao taa ikiwaka, na tatizo hilo hurithiwa. Kwa hiyo siku hizi, vyumba vikishajaa, nauliza pia wazazi wa watoto hao wakoje.